Ripoti ya tathmini ninayo, mume wangu hataki hata kuisikia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Likoni, Mombasa. Jina langu naomba ulifiche. Mtaa wetu ni mdogo, na mama mkwe husomewa safu hii na wajukuu zake.

Ninalokuandikia ni la mwanangu wa pili, mvulana, aliyetimiza miaka saba. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na kusema ndiko kulikochelewa zaidi. Mpaka leo maneno yake ni mawili matatu: "Mama maji." "Baba feri." Sisi wa nyumbani twamwelewa, mgeni hamwelewi. Kalamu huishika kwa ngumi. Nguo anavaa mwenyewe lakini vifungo vinamshinda. Hata hivyo si kwamba hana akili, Shangazi. Ukimwekea sarafu ya kumi na ya ishirini, atachukua ya ishirini na kukimbilia dukani. Tuktuk za mtaa mzima anazijua kwa michoro yake, na ikitokea ya mjomba wake atairukia kabla sisi hatujaiona. Madrasa anakwenda, na Kul-huwallahu anaifuata na wenzake kwa sauti, ingawa miisho ya maneno anaimeza.

Utotoni alikuwa akitoka usaha masikioni, hasa msimu wa mvua. Bibi yake alikuwa akimtia mafuta ya nazi ya vuguvugu, ukakauka. Tena ana tabia ya kuitwa asigeuke mpaka umguse. Mwalimu wake wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, aliniambia ni kiburi, nipunguze kumdekeza.

Ilipofika zamu ya Gredi ya 1 nilimpeleka shule ya msingi ya serikali iliyo karibu nasi. Mwalimu mkuu alimwuliza jina, mtoto akacheka. Akamwuliza tena, akacheka tena. Basi mwalimu mkuu akafunga daftari lake, akaniambia hawezi kumwandikisha bila ripoti ya kituo cha tathmini kinachopima watoto wenye mahitaji maalum, ile EARC wanayosema walimu.

Nikaenda. Afisa aliyetupokea alikuwa mama mpole, simlaumu. Alimpa mtoto vitalu apange, akamwonyesha picha ataje, akamwuliza rangi. Alimwuliza kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza. Sisi nyumbani twasema Kidigo. Watu walikuwa wengi wakingoja nje, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumeshamaliza. Ripoti inasema mtoto ana ulemavu wa akili wa kiwango cha chini na lugha iliyochelewa, na inapendekeza apelekwe yuniti, yaani darasa la watoto wenye ulemavu lililo ndani ya shule ya kawaida.

Hiyo yuniti iko katika shule nyingine, kwa matatu. Nilikwenda kuiona peke yangu. Nilikuta darasa moja lina watoto wadogo na wakubwa pamoja, mmoja amekwisha ota ndevu. Mwalimu alikuwa mmoja na msaidizi mmoja, naye msaidizi alikuwa anambadilisha mtoto nguo. Moyo wangu ulianguka. Nilipotoka nje niliona wengine wawili wanaosha vikombe vyao bombani na kuvipanga, mwalimu hata hawaangalii. Mwalimu aliniambia nafasi ipo, lakini shule zikifunguliwa Januari hatanihakikishia.

Mume wangu ni kibarua bandarini. Si mtu mbaya. Nilipomsomea ripoti alinyanyuka akatoka nje. Aliporudi alisema, "Mwanangu si taahira. Ukimpeleka huko, umempeleka wewe, mimi simo." Tangu siku hiyo hatulizungumzi. Yeye alikuwa na kaka aliyezaliwa na matatizo, hakupelekwa shule, aliishi chumba cha nyuma kwao Msambweni mpaka alipofariki. Mama mkwe anasema niache haraka, eti hata baba yake mtoto alichelewa kusema. Anataka mtoto akae nyumbani mwaka mmoja zaidi.

Kuna akademia moja ya binafsi iliyosema itamchukua bila maswali, mradi nilipe karo na nimtafutie msichana wa kukaa naye darasani. Mume wangu anapenda hilo, lakini pesa hatuna, tutakopa.

La mwisho naona haya kulitaja. Jirani ameniambia nikishakuwa na karatasi hiyo nitaanza kulipwa elfu mbili kila mwezi na serikali. Nimejikuta nazipigia hesabu hizo pesa, halafu nikajiuliza ni mama gani mimi, ninayetaka mtoto aitwe mlemavu ili nipate elfu mbili.

Je, mwanangu kweli anastahili hiyo yuniti, au nitamtia alama isiyofutika? Na nikimpeleka bila ridhaa ya baba yake, nitakuwa nimetengeneza au nimevunja?

Mama wa Likoni


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mama wa Likoni.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Umemweleza mwanao vizuri kuliko ripoti nyingi zinavyowaeleza watoto, na mengi nitakayokwambia nimeyatoa humo humo kwenye maneno yako.

Nikikuelewa sawasawa, umebanwa na mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Kuna ripoti, ambayo huijui kama umwamini aliyeiandika au umwamini mtoto unayemwona nyumbani. Kuna yuniti, ambayo ilikuvunja moyo ulipoiona. Na kuna mume ambaye tangu uisome ile karatasi hazungumzi. Tuyafungue kwa zamu, maana yakibaki pamoja hivyo, kila unapogusa moja mengine mawili yanakaza.

Nianze na masikio. Umeandika kwamba alikuwa akitoka usaha, kwamba akiitwa hageuki mpaka aguswe, na kwamba akisoma sura na wenzake humeza miisho ya maneno. Uliyaandika haya katika sehemu mbili tofauti, kama mambo yasiyojuana. Mimi si daktari na sitampima mtoto wako gazetini. Ila usaha wa sikioni unaojirudia huweza kupunguza usikivu, na ubaya wake ni kwamba usikivu huo huja na kuondoka. Leo mtoto anasikia, wiki ijayo hasikii vizuri, na watu wazima wanahitimisha kwamba ana kiburi. Mtoto asiyeisikia vizuri miisho ya maneno ataisema vipi? Swali langu kwako ni hili: kabla ya vile vitalu na zile picha, kuna mtu aliyempima masikio? Vituo vya tathmini vimekuwepo Kenya tangu mwaka 1984, vilipoanzishwa kwa msaada wa Denmark, na kupima usikivu ni kazi yao mojawapo. Itazame ripoti yako. Kama sehemu ya usikivu na ya macho ni tupu, au pameandikwa tu kwamba hali ni ya kawaida bila kusema ilipimwaje, basi una sababu nzuri ya kurudi na kuuliza, kwa heshima.

Sikutii tumaini la bure. Masikio hayaelezi kwa nini alichelewa kukaa na kutembea. Inawezekana kabisa ana tatizo la usikivu na pia akili yake inakua kwa mwendo wake wa pole. Mambo hayo mawili hukutana kwa mtoto mmoja. Lakini kama la masikio lipo na halijulikani, hata mwalimu bora wa yuniti atakuwa anamfundisha mtoto anayesikia nusu. Na kuhusu mafuta ya nazi, mwambie bibi yake kwa upole yabaki jikoni. Sikio lililotoboka ndani halifai kutiwa kitu bila daktari kulitazama.

Jambo la pili ni lugha. Mtoto wa Kidigo ameulizwa rangi kwa Kiswahili, "mara kwa Kiingereza". Akishindwa kujibu, tumejua nini? Pengine tumejua kwamba rangi hazijui, pengine tumejua kwamba swali hakulielewa. Wataalamu wanapotaka kusema mtoto ana ulemavu wa akili, hutazama vitu viwili kwa pamoja: uwezo wake wa kufikiri na kujifunza, na jinsi anavyojimudu katika maisha ya kila siku akilinganishwa na wa rika lake. Hicho cha pili hakionekani mezani katika ofisi ngeni yenye foleni mlangoni. Wewe ndiye mwenye kukijua. Uliulizwa kuhusu sarafu? Uliulizwa kuhusu tuktuk, vifungo, choo, namna anavyocheza na dada zake au kaka zake? Kama hukuulizwa, yaandike kama ulivyoniandikia mimi, uyapeleke. Na uyaandike yote, pamoja na yale yanayomshinda. Mzazi akipeleka mazuri matupu, afisa huona anatetewa mtoto, naye huacha kusikiliza.

Ripoti ile si hukumu ya mahakama. Unaweza kuomba mtoto apimwe upya, unaweza kuomba uelezwe kila mstari, na ukipata uwezo wa kwenda Nairobi, Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya pale Kasarani, KISE, nayo ina kituo cha tathmini. Safari hiyo ni gharama, kwa hiyo simwambii mtu aanze nayo.

Sasa nije kwenye neno lako, "anastahili". Umeuliza kama anastahili yuniti. Naona hapo maswali mawili yamejificha. La kwanza ni kama mtoto huyu anastahili msaada wa ziada ili ajifunze. Kwa uliyoyaeleza, hata mwenye shaka na ripoti hatalikataa hilo: mtoto wa miaka saba ambaye mgeni hamwelewi anahitaji msaada, uwe wa masikio, wa lugha au wa akili. La pili ni mahali pa kuupatia msaada huo. Ripoti imeyajibu yote mawili kwa sentensi moja, nawe ukayameza pamoja. Yatenganishe. Sera ya elimu ya wanafunzi wenye ulemavu iliyotolewa mwaka 2018 inataka watoto wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na wakati huohuo imeacha yuniti na shule maalum zibaki kwa wanaozihitaji. Katiba nayo, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu iliyochanganywa na jamii, kisha inaongeza: kadiri inavyolingana na maslahi yake. Ugomvi wote wa wazazi na walimu wakuu unaishi ndani ya maneno hayo ya mwisho, kwa sababu kila mmoja anadhani yeye ndiye anayeyajua maslahi ya mtoto.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliyefunga daftari alikuwa na haki kiasi gani? Kuomba tathmini si kosa. Inamsaidia kujua atamsaidiaje mtoto. Kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu peke yake ndiko sheria isikokubali, na haikubali tangu ile ya mwaka 2003, ambayo sasa nafasi yake imechukuliwa na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025. Ukirudi kwake, usiende na vifungu vya sheria kwanza. Muulize anaogopa nini. Huenda atakwambia darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, na hapo mtakuwa mnazungumza jambo la kweli.

Maana ukweli huo nao unauma. Gredi ya 1 ya kawaida ina faida yake: atawasikia wenzake wakisema, na watoto huwafundisha watoto wenzao lugha kuliko sisi. Hatari yake ni kwamba atakaa nyuma, apewe karatasi ya kupaka rangi, na muhula upite. Kuwemo darasani peke yake hakumfundishi mtoto. Ukiichagua njia hii, kabla hujaondoka ofisini ujue nani atamketisha mbele, nani atamrudia maneno, na kama yupo mwalimu aliyesomea elimu maalum shuleni hapo.

Yuniti nayo uliitazama ukiwa na moyo uliokwisha anguka, ukaona ndevu na nguo zinazobadilishwa. Halafu ukaandika sentensi moja ambayo hukuirudia tena: watoto wawili wanaosha vikombe vyao na kuvipanga, mwalimu hawaangalii. Mwalimu asiyewaangalia ni mwalimu aliyekwisha wafundisha. Mtu fulani alikaa na watoto hao bombani, siku baada ya siku, mpaka wakaweza peke yao. Sisemi hilo linatosha kukufanya uipende yuniti. Nasema rudi uione tena, asubuhi, wakati wa masomo, ukae nyuma. Angalia kama kila mtoto ana mpango wake mwenyewe wa kujifunza, ule ambao walimu huuita IEP, na uombe kuonyeshwa mmoja. Ukipewa karatasi ambayo majina tu ndiyo yanayobadilika, umepata jibu lako. Uliza pia kama watoto wa yuniti huchanganyika na wengine gwarideni, kwenye chakula na michezo, na kama inawezekana mtoto akasoma sehemu ya siku Gredi ya 1 na sehemu yuniti.

Na kuna swali moja ambalo wazazi hawaliulizi mpaka miaka imepita: atakuwa kwenye njia gani ya mtaala? Mtaala wetu wa sasa una njia mbili. Ya kwanza hufuata umri, gredi baada ya gredi, na mtoto mwenye ulemavu anaweza kuwemo humo akarekebishiwa mazingira na mitihani, akafika Gredi ya 6 na kufanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi hiyo, kama wenzake. Ya pili hufuata hatua: mtoto hupanda kwa kadiri anavyoweza, kutoka hatua ya msingi hadi ya kati, kisha ya kumwandaa kwa ufundi, kisha ufundi wenyewe, na tathmini yake kwenye hatua ya kati huitwa KILEA. Njia ya pili ni nafuu kubwa kwa mtoto ambaye gredi zingemwacha nyuma. Kwa mtoto ambaye tatizo lake kubwa lilikuwa masikio, inaweza kuwa njia aliyotiwa kwa sababu hakuna aliyeuliza. Kuvuka kutoka hatua kwenda gredi kunaruhusiwa mtoto akionyesha uwezo, lakini havuki mwenyewe. Lazima awepo mtu wa kumtazama na kusema sasa yuko tayari. Mwulize mwalimu waziwazi: mwanangu mtamwandika njia ipi, nani ameamua, na mtaangalia upya lini?

Akademia nitaipita haraka. Neno "bila maswali" ndilo linalonitia wasiwasi. Shule isiyouliza lolote kuhusu mtoto kama huyu imekuahidi kiti, haijakuahidi masomo. Na yule msichana wa kukaa naye, asipofundishwa kazi, atamshikia kalamu na kumfunga vifungo, na mtoto atajifunza kwamba vifungo ni kazi ya msichana. Kama mtakopa, kopeni mkijua mnanunua nini.

Kungoja mwaka mmoja, kama anavyotaka mama mkwe, si upuuzi wote. Kuna watoto wanaochelewa kusema wakaja wakasema. Ila ya mwanao hayakuishia kwenye kusema, na mwaka wa kungoja ukiwa mtupu utamtoa na miaka minane, bado hajui kushika kalamu. Mwaka wenye kipimo cha masikio, mtaalamu wa lugha hospitalini, na mazoezi ya vidole nyumbani ni mwaka mwingine kabisa. Mkiamua kungoja, semeni mnangojea nini.

Sasa mume wako. Wewe umeyasoma maneno yake, "mwanangu si taahira", kama kukana. Inawezekana. Lakini umenipa pia kile chumba cha nyuma Msambweni. Huyu ni mtu aliyekua akijua kwamba mtoto akishapewa jina, mlango unafungwa. Kwao hakukuwa na ripoti, mwalimu wala bomba la kuoshea vikombe. Kulikuwa na jina na chumba. Ulipomsomea ile karatasi, huenda hakusikia "yuniti", alisikia chumba. Sijui, wewe wamjua. Umewahi kumwuliza habari za kaka yake? Simaanishi umwulize ili umshinde. Muulize alikuwa anapenda nini, nani alikuwa akimpelekea chakula, yeye mwenyewe alikuwa na miaka mingapi. Wanaume wetu wengi hawajawahi kuulizwa.

Umeniuliza ukimpeleka mtoto bila ridhaa yake, utakuwa umetengeneza au umevunja. Katiba imewapa baba na mama wajibu ulio sawa juu ya mtoto, kwa hiyo wewe si mwizi ukisimama kwa ajili ya mwanao. Lakini mtoto huyu jioni atarudi nyumbani, na atahitaji watu wawili wa kumrudia maneno yaleyale. Ukienda kwa siri, siri haitafika mwezi. Mtaa wenu ni mdogo, umesema mwenyewe. Ukingoja mpaka akubali kwa moyo mmoja, huenda ukangoja miaka ambayo mtoto hana. Kati ya hayo mawili kuna hatua ambazo hazimlazimu kukubali jina lolote. Kipimo cha masikio ni mojawapo. Hakuna baba anayeona aibu kupeleka mtoto kwa daktari wa masikio. Mwombe aende naye yeye, hata kama itambidi aache kibarua siku moja. Akirudi na majibu mkononi mwake, mazungumzo yenu yataanzia mahali pengine. Baadaye mwombe aandamane nawe kituoni, afisa amweleze ripoti kwa mdomo wake. Ulimsomea wewe, na pengine ilimfikia kama maneno yako.

Kama kuna mtu anayemheshimu, mwalimu wa madrasa kwa mfano, ambaye kila siku anakaa na mtoto na kumsikia akisoma, huyo naye anaweza kusema analoliona. Usimtume akamhubirie. Aulizwe tu mtoto anaendeleaje.

Kuhusu alama isiyofutika, kuna mkanganyo nataka nikuondolee. Ripoti ya kituo cha tathmini ni ya masomo. Haimwandikishi mtoto wako kuwa mtu mwenye ulemavu kwa serikali. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni jambo lingine: hupatikana baada ya kupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kwa maombi yenu wenyewe wazazi. Unaweza kuwa na ripoti ya shule bila kadi. Ukija kuitaka kadi kwa sababu ya msaada wa vifaa au mengineyo, mtaamua wakati huo.

Na zile elfu mbili jirani amezichanganya. Upo mpango wa serikali unaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini ni wa watu wenye ulemavu mkali, wanaohitaji mtu wa kuwahudumia muda wote, katika kaya maskini. Ripoti yako inasema kiwango cha chini, na mtoto wako anavaa nguo mwenyewe na kukimbilia dukani. Usizitie kwenye bajeti. Lakini aibu hiyo uiweke chini, mama. Mume ni kibarua, watoto watatu, matatu kwenda na kurudi kila siku, karo ya akademia ya kukopa: ni nani asiyepiga hesabu? Mzazi anayehesabu nauli kabla ya kumpeleka mtoto shule anafanya kazi yake.

Sitakuchagulia shule. Ninachokiona ni kwamba unaulizwa ujibu la Januari wakati la masikio halijajibiwa, na mimi ningetaka mpangilio huo ugeuke. Hospitali kubwa ya serikali yenye kliniki ya masikio, pua na koo ndiyo pa kuanzia. Chukua kitabu chake cha kliniki na ueleze historia ya usaha tangu mwanzo. Nakala ya majibu peleka kituo cha tathmini na uombe waitazame ripoti upya, safari hii awepo mtu wa kumwuliza kwa Kidigo, hata ukiwa wewe mwenyewe. Kwa mwalimu wa yuniti nenda wiki hii, usiliache suala la nafasi hewani. Mwambie unataka nafasi ile ishikwe kwa muda, mweleze unangoja kipimo gani, na umwombe akuruhusu kuja na mtoto asubuhi moja kabla shule hazijafungwa. Baba yake naye akitaka kuja, kiti chake kiwepo.